Unyayo wa Nyuma ya Jiko

Baba mdogo alipokunja nne kitini, Panzi aliuona msumari.

Ulikuwa umechomoza kisiginoni mwa kiatu chake, umepinda kama ndoano. Panzi, kama walivyomwita wenzake wa klabu ya viumbe shuleni, alikuwa na umbo la msumari huohuo mkobani, kwenye plasta iliyoganda. Klabuni walifundishwa kumwaga plasta, unga mweupe uliokorogwa kwa maji, kwenye alama za kwato na makucha ili igande na umbo lake. Asubuhi ile bibi yake alipokutwa nyuma ya jiko, kichwa kimepasuliwa kwa mchi, hapakuwa na kwato. Palikuwa na unyayo mmoja wa kiatu topeni, umejaa damu nusu.

Akamwaga plasta.

Sasa hata hakufikiri. Aliitoa, akaisogeza kando ya kisigino, kama walivyozoea kulinganisha ukucha na ukucha. Msumari kwa msumari.

Baba mdogo aliitazama plasta, kisha akautazama mlango. Waombolezaji wote walikuwa uani. Aliweka kikombe chini taratibu, akausukuma mlango kwa mguu uleule, akamkaba Panzi koo na kumbamiza ukutani hadi miguu yake ikaning'inia.

"Umemwonyesha nani, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya kubembeleza.

Panzi alimparura mikono. Ulimi ulikuwa umemtoka. Baba mdogo akalegeza vidole kidogo, jibu lipate kupita.

"Klabu nzima," Panzi alikoroma. "Kila mtu ana nakala yake. Mwalimu katupa wiki moja tumtambue mnyama."