Kamba Mbili za Kiuno

Gauni la kumtoa bibi harusi lilikuwa moja, na mawifi wawili walilitaka. Shangazi wa bibi harusi akaamuru lishonwe jembamba: atalivaa atakayepunguza kiuno zaidi kwa wiki nane.

Wifi mmoja, Sikudhani, alichagua mbio za vipande. Alikimbia kama mwizi toka nguzo ya umeme hadi nguzo, akatembea akihema, kisha akakimbia tena. Akipita, kuku wa mtaa mzima walihamia juu ya mapaa. Mwenziwe, Mwanaheri, alitembea mwendo mmoja tu, saa nzima kila asubuhi, kama anayesindikiza mgeni asiyetaka aondoke.

Siku ya kwanza kila mmoja alipimwa kiuno kwa kamba, ikapigwa fundo, akamkabidhi mwenziwe aitunze. Hawakuaminiana hata kidogo.

Leo wiki nane zikatimia; shangazi akazifunga tena viunoni mwao, fundo palepale, akapima nafasi iliyobaki. Sikudhani, vidole vinne. Mwanaheri, vinne.

"Haiwezekani!" Sikudhani akaruka. "Wifi, achia tumbo!"

"Nimeliachia tangu jana. Wewe je, mbona umekakamaa hivyo?"

"Na Alhamisi nilikuona unakimbia kwa siri."

"Nilikimbizwa na mbwa, wifi! Na yeye ndiye aliyechoka kwanza."

Shangazi akapima upya kwa vidole vya mkono wa pili. Vinne kwa vinne. Akachoka, akalikunjua gauni. Sikudhani akachomeka mkono wa kulia, Mwanaheri wa kushoto, wakasimama wakikaguana matumbo, na mshono wa mgongoni ukaanza kulia.