Kidole cha Kumi

Karani wa vitambulisho pale Kitengela alishika kidole gumba cha Nthambi, akakibingirisha kwenye wino mweusi, akakikandamiza kwenye fomu.

"Mikono imechubuka hivi, unafanyanga kazi gani?"

"Kufua."

Nthambi alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane, na barua ya kuitwa sekondari ikafika kwa mama aliyemlea. Binti wa kuzaliwa wa mama huyo alikuwa ameanguka mtihani huo huo. Basi binti ndiye aliyeenda shule ya bweni, kwa barua ya Nthambi, kwa jina la Nthambi. Mwenyewe akaachiwa karai la nguo.

"Shukuru unakula," mama alimwambia.

Miaka minne ikapita. Sasa chuo cha ualimu kilikuwa kimemwita yule binti kwa jina lile lile la wizi, na kilitaka kitambulisho. Mama na bintiye walipanga kuja hapa Jumatatu.

Leo ilikuwa Ijumaa. Cheti cha kuzaliwa cha Nthambi, alichokichomoa chini ya godoro la mama, kilikuwa mezani kwa karani.

"Na mtu mwingine akikuja na jina langu?"

"Na vidole zako ziko kwa faili? Huyo polisi watamlaza ndani."

Nthambi akanyoosha kidole cha kumi bila kuambiwa.

Jioni alimpelekea mama chai. Hakuwa amenawa. Mama akaviona vile vidole vyeusi kwenye kikombe cheupe.

"Wewe, umeshika nini?"

"Jina langu, mama. Nikuongezee sukari?"