Sehemu ya Barafu

"Siyo hii," Orrin alisema, akabonyeza kitufe, na deki ikaitema kanda ya mwisho.

Tangu asubuhi alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la Lyle Kosinski, uso karibu ugusane na televisheni. Kanda hizo zilikuwa za fundi mmoja wa mitambo hapo Duluth, aliyefariki mwezi uliopita na kuacha kabati zima la katuni za zamani alizojirekodia. Mjane wake aliwaita Orrin na Lyle waje wazichukue, kwani mji mzima ulijua ni wazee gani wawili wenye wazimu huo.

"Nilikwambia," Lyle alisema kutoka kwenye kochi, mdomo umejaa keki. "Sehemu yako hiyo ya katuni haipo. Haijawahi kuwepo."

"Ipo. Niliitazama."

"Haya, nisimulie tena. Nahodha Fisimaji kakwama kwenye barafu..."

"Kakwama kwenye barafu. Mabaharia wamechoma milingoti yote, bado wanatetemeka. Nahodha anavua koti lake jekundu, anamfunika panya mdogo kuliko wote, anamwimbia mpaka kunakucha."

"Jekundu!" Lyle alipiga paja. "Katuni yenyewe nyeusi na nyeupe, mwanzo hadi mwisho, yeye kaona jekundu! Na anaimba! Nahodha mwenye sauti ya gogo linalopasuliwa, leo kawa mwanakwaya. Ulikuwa na miaka mingapi wewe?"

"Mitano."

"Na ulikuwa unaumwa homa. Umeniambia mwenyewe."

Orrin alizirudisha kanda kwenye makasha yake, moja moja, akihakikisha kila moja imekaa vizuri. Za Nahodha Fisimaji alikuwa nazo zote nyumbani, ukuta mzima wa chumba cha chini, isipokuwa hiyo moja. Alikuwa ameshawauliza wakusanyaji wa Chicago na wa Seattle. Alikuwa amempigia simu hata bibi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wachoraji wa katuni hiyo, na bibi yule alimjibu kwa upole kwamba wao hawakuwahi kuchora barafu.

Lyle alimtazama akihangaika kuinuka, akaacha kucheka.

"Kwani haraka ya nini, bwana? Umeitafuta nusu ya maisha yako. Ngoja, labda itaibuka."

"Verna hawezi kungoja," Orrin alisema.

Verna alikuwa dada yake, na ndiye aliyemlea Orrin baada ya mama yao kufariki. Alimpikia, akamfulia, akampeleka shule, na yeye mwenyewe akaiacha. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walikuwa wameshasema hawana zaidi la kufanya.

Orrin hakuwa mtu wa maneno. Mara ngapi alikuwa amekaa kando ya kitanda chake akitaka kumshukuru, akaishia kuzungumzia theluji. Ndipo alipopanga kuja na kanda ile, aitie kwenye deki bila kusema kitu, aone uso wake. Kwa maana kitu cha kwanza kabisa alichokikumbuka duniani kilikuwa hicho: harufu ya dawa ya kuchua kifuani, bega la Verna limegusa lake, na nahodha anaimba. Hakuwahi kumwambia anatafuta nini. Alitaka kumshtukiza.

Mchana ule aliendesha gari hadi kwenye nyumba ya wagonjwa juu ya kilima, mikono mitupu. Alikaa kwa muda kwenye maegesho, injini imezimwa, kioo kikifunikwa na theluji.

Verna alikuwa ameegemea mito, mrija wa hewa puani. Supu ilikuwa imepoa mbele yake.

"Mbona umenuna kama mtu aliyenyang'anywa sahani?" alimuuliza. "Njoo ukae hapa, wewe mtoto."

Orrin alikaa. Akaanza kueleza habari za theluji. Halafu akalia kama ambavyo hakuwahi kulia mbele yake tangu utotoni. Akamweleza yote: ile sehemu, miaka aliyoitafuta, kabati la fundi, mpango wake wa kumwonyesha.

"Nimeshindwa, dada. Nilitaka nikuletee kitu kimoja tu. Kimoja! Hata hicho nimeshindwa."

Verna alikuwa amefumba macho. Orrin alidhani amelala.

"Panya akauliza," Verna alisema taratibu, "'Nahodha, na wewe utajifunika nini?'"

Orrin aliinua uso. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala Lyle.

"Unaikumbuka!" Aliushika mkono wake, mwepesi kama jani. "Wanasema nimeota, Verna. Wote wanasema nimeota! Ulikuwa mkubwa wewe, lazima unajua. Ilikuwa kituo gani? Ilikuwa siku gani? Niambie tu, nitaitafuta. Nikitoka hapa naanza upya."

Verna alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Orrin akamshikilia mabega mpaka pumzi yake ikarudi. Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi, na alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linalala wapi.

"Orrin," alisema, "ulikuwa na surua. Ulifungwa kitambaa machoni, hata dirisha ulikuwa hulioni. Katuni mimi nilikuwa nakwenda kuzitazama kwa majirani, akina Lindgren, narudi nakusimulia." Alipumua, akakusanya nguvu. "Na siku ile ya barafu, hawakunifungulia mlango."