Cheti cha Wifi

Hidaya alikilaza cheti juu ya meza ya duka la uchapaji la Sikudhani kama mtu anayelaza kichanga. "Wifi, nitilie nailoni. Wanangu wasije wakakimwagia uji."

Sikudhani alijifuta mikono kwa kanga, akasoma. Tuzo ya Taifa ya Hadithi Fupi za Ajabu, Mshindi wa Kwanza. Hadithi yenyewe, ya mwanamke aliyeolewa na wingu, aliichapa yeye kwenye kompyuta ya duka hili hili, akamsahihishia wifi yake hadi mikato. Siku hiyo hiyo alituma kimyakimya na yake, aliyoihangaikia miaka mitatu. Hakujibiwa.

"Uliiandika siku ngapi vile?"

"Nne. Maharage yakichemka naandika, yakiiva naacha." Hidaya akacheka. "Ungejaribu na wewe, wifi. Kichwa unacho."

"Ninacho," alisema Sikudhani.

Alikiingiza cheti katikati ya nailoni mbili zilizoshikana upande mmoja. Mashine ya kugandisha nailoni ilikuwa imeshapata moto. Kazi hii ina sharti moja: upande ulioshikana ndio unaotangulia. Ukitanguliza ulio wazi, mashine hutafuna karatasi, na cheti cha taifa hakitolewi mara mbili.

Akautanguliza ulio wazi.

"Mbona hukiachii?"

"Nakinyoosha."

Mashine ikaanza kuvuta, taratibu. Kidole cha Sikudhani kilikuwa juu ya kitufe cha kurudisha nyuma, na jina la Hidaya lilikuwa limeshaingia nusu.