Neno la Kudumu

"Uziwi huu ni wa kudumu," daktari alisema, akimtazama Shemsa badala ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mumewe hakusikia tena kitu tangu ile homa ya uti wa mgongo.

Shemsa hakulia. Akili yake ilikuwa imeganda kwenye neno lile, kudumu. Siku ya harusi yao, Mbweni, wazee waliwaombea ndoa ya kudumu na ukumbi mzima ukaitikia amina. Mumewe alipopata ajira ya kudumu bandarini, walipika biriani wakawaita majirani. Hakujua kama neno hilo lina na kazi hii pia.

Mumewe alikuwa ameukazia macho mdomo wa Shemsa.

"Kasema nini?"

"Kasema tutazoea."

"Nambie kweli, Shemsa. Mpaka lini?"

Angeweza kumwambia mwezi ujao, inshaallah, naye angeamini, maana hajapata kumdanganya. Kipande cha pamba kilikuwa kimebaki sikioni mwa mumewe baada ya kupimwa. Shemsa alikitoa taratibu, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikawa kigumu kama kokwa ya ubuyu.

Kisha akaushika mkono wa mumewe na kuuweka juu ya koo lake, ili auhisi mtetemo wa sauti.

"Maisha," alisema.

Mumewe alilirudia neno hilo. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alilisema kwa nguvu mno, hata wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakanyamaza.