Kikao cha Kilo Mia Nne

Jogoo alipimwa wa kwanza: kilo mbili na nusu. Mzee Mwinyimadi akasema hiyo nusu ni manyoya, ifutwe. Hamidu, mtunza kiwanja, akaiandika hivyo hivyo.

Kiwanja chenyewe, huko Kurui, ni majani na banda moja la bati. Ndege ikitaka kushuka, Hamidu hufukuza mbuzi. Ikishashuka, mbuzi hurudi. Mzani ni wa kuazima kutoka ghala la korosho, na ukiukanyaga unatoa vumbi la msimu uliopita. Ndege ya Alhamisi inayokwenda Mafia hubeba kilo mia nne, watu na mizigo, basi. Ikizidi, haiondoki.

Atupele alilijua hilo, ndiyo maana hakunywa hata chai. Alikuwa nesi kutoka Kibaha, kasubiri ajira miaka sita, na barua iliyo mkobani ilimtaka aripoti Mafia leo kabla ya saa nane mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Boti ya jana ilikwishamwacha. Alivua viatu, akapanda mzani na begi lake. Tisini na moja.

Mzee Mwinyimadi akapimwa. Evance, afisa kilimo, akapimwa na miche yake. Rahma, aliyekuwa anampelekea mwanawe ndoo ya mihogo, akapimwa yeye na ndoo yake. Wote walikuwa chini ya Atupele, naye alizisikia namba zao moja moja kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Mwisho akapanda mtu mmoja mnene, shati jeupe limelowa jasho, kaletwa na bodaboda kutoka kijiji cha Masaki. Hakuwa na mzigo ila mkoba mdogo wa karatasi. Alipofungua mdomo, Hamidu alimwambia asiongee juu ya mzani, mshale unacheza.

Mia na kumi na nne.

Hamidu alijumlisha, akaongeza na hamsini na nane za rubani Hashiru, ambazo huziandika kila Alhamisi bila kumpima. Zilizidi kilo tisini na nane.

Rahma alisema mihogo haibaki. Evance alisema miche yake ni ya serikali. Mzee Mwinyimadi alisema jogoo ameahidiwa mtu. Kisha, kwa kuwa aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji miaka kumi na tano, akasema jambo hili linataka kikao. Akajiteua mwenyekiti. Evance akawa katibu kwa sababu ndiye mwenye kalamu. Ajenda zikasomwa: kufungua, uzito, mengineyo, kufunga.

Mtu mnene akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mjumbe," akasema Mzee Mwinyimadi, "hoja yako inahusu uzito?"

Yule mtu akafikiri. Akasema inahusu ndege kwa jumla.

"Basi hiyo ni mengineyo. Vumilia."

Akavumilia. Alionekana mtu aliyelelewa vizuri.

Atupele akasimama. Alimwamkia mwenyekiti upya, shikamoo na heshima zote, akaeleza barua yake, miaka yake sita, na saa nane inavyokuja.

"Mimi napendekeza aliye mzito kuliko wote abaki," akasema. "Hatumtaji mtu, mzee wangu. Namba zenyewe zitamtaja."

Hakuna aliyemtazama mtu mnene, na kutomtazama huko kulichukua muda. Mwenyekiti akaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Ikanyooshwa yote. Mtu mnene naye alinyoosha tena, akitaka kusema, na katibu akamhesabu upande wa ndiyo. Hoja ikapita bila kupingwa, ikaandikwa kwa wino.

Mzee Mwinyimadi akampa pole na kumsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Rahma akampa muhogo mmoja.

Wakapanda. Kila Alhamisi ndivyo ilivyo: abiria hukaa kwanza, hufunga mikanda, halafu Hashiru hutokea nyuma ya banda akijifuta mdomo. Atupele alipata kiti cha dirishani. Akaitoa barua, akaisoma, akairudisha. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alisikia njaa.

Hashiru hakutokea.

Walikaa robo saa jua likiichoma ndege. Mbuzi wakarudi. Mtu mnene alikuwa bado amesimama mlangoni, muhogo mkononi, akingoja kwa adabu. Ndipo Mzee Mwinyimadi alipokumbuka kwamba kikao hakijafungwa.

"Katibu, andika. Ajenda ya tatu, mengineyo. Mjumbe, tunakusikiliza, lakini kwa ufupi."

"Ahsante, mwenyekiti," akasema mtu mnene, akatoa kwenye mkoba wake ufunguo na vipokea sauti vya masikioni. "Hashiru amelala na malaria toka juzi. Nimetumwa mimi niirushe."

Hamidu akakata zile hamsini na nane kwenye daftari, akairudisha ile mia na kumi na nne. Akajumlisha mara mbili. Zilizidi kilo arobaini.

Mzee Mwinyimadi akamgeukia Evance, akamtaka asome uamuzi wa kikao kama ulivyopita, kisha amtaje anayefuata kwa uzito.

Atupele akanyoosha mkono.

"Shusha mkono, mwanangu," akasema mzee. "Kikao kimefungwa."