Kibanzi Kwenye Kiganja cha Paulo

"Usitetemeke, mama," Paulo alisema. "Utanichoma mfupa."

Modesta angeachaje kutetemeka? Kiganja cha kulia cha kijana huyo kilikuwa mapajani pake, kimevimba, na katikati yake kibanzi cha mti kimezama. Ncha iliyochungulia nje ilikuwa na rangi ya buluu. Na kijiji kizima, tangu juu kwenye migomba mpaka chini mtoni, mlango wa buluu ni mmoja tu: wa Bibi Bernadeta.

Bibi Bernadeta alikutwa jana magharibi kalala kizingitini, kichwa kinavuja damu, mlango umevunjwa, gunia lake la pilipili manga halipo. Walimteremsha hospitali mjini akiwa hasemi. Kila mtu aliamini mwizi ameshafika Morogoro zamani. Kumbe kalala vichakani na mkono wake mbovu!

"Nimejichoma na kuni," Paulo alikuwa amesema alipoingia kwa mlango wa uani bila hodi, shikamoo mdomoni kama kijana mwenye adabu zake. Panga alilipakata. Pikipiki aliiegesha nyuma ya choo, gunia limefungwa kwenye siti. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki breki, na mteremko ule wa kwenda mjini bila breki ni kujichimbia kaburi. "Wewe kitoe tu, mama. Kikitoka, naondoka zangu. Hunioni tena."

Kikitoka, anaondoka. Modesta hakuwa na cha kufikiria zaidi ya hicho. Mumewe kashuka sokoni na kabichi tangu alfajiri, na majirani wako mbali. Akipiga kelele, panga litafika kwanza.

Aliipitisha sindano kwenye moto wa kibiriti, akaipoza, akafukua. Paulo akaguna. Ncha ya buluu ikajitokeza kidogo. Modesta akainama, akaibana kwa meno, akavuta. Alipoinua uso, akatikisa kichwa. Wapi!

"Kimerudi ndani," akasema kwa sauti ndogo.

"Mungu wangu! Fukua basi!"

Akafukua. Damu ikachuruzika hadi kwenye kanga. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeingia mpaka sebuleni, lakini jasho lilimtiririka mgongoni. Akachokoa huku, akachokoa kule.

"Mbona umetandika mikeka yote hii?"

"Maharage. Naanika."

"Na ukungu huu?"

"Jua litatoka."

"Unajibu kwa mkato, utadhani umemeza ulimi." Akalisogeza panga. "Unaniogopa?"

Modesta akatikisa kichwa. Uongo mtupu. Mkono ule ule alioushika ndio uliompiga bibi wa miaka themanini, bibi asiyeweza hata kubeba ndoo ya maji. Leo utashindwaje kumpiga yeye?

"Si wanasema wewe ndiye fundi wa miiba hapa?" Paulo alifoka. Uso ulikuwa umemwiva kwa maumivu. "Watu wanakusifia, kumbe bure kabisa! Nakupa dakika tano. Ukishindwa, nakata mwenyewe kwa hili panga, halafu tutajuana mimi na wewe."

Modesta akaizamisha sindano tena, ndani zaidi, huku machozi yanamtoka. Alitamani kuikimbia nyumba yake mwenyewe. Dakika moja ikapita. Ya pili. Paulo akaanza kuvuta mkono. Ya tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo!" sauti ikaita mlangoni.

"Milele, amina! Ingieni! Ingieni haraka!"

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwake. Paulo hajakanyaga sala tangu Pasaka, angejulia wapi? Katekista Agustino aliingia, na nyuma yake watu zaidi ya ishirini, rozari mkononi na majembe begani, maana sala ikiisha ni shamba. Paulo akakurupuka, panga likaanguka. Modesta akaking'ang'ania kiganja kile kwa mikono miwili, hakukiachia mpaka wanaume wanne walipomkalia kijana.

Katekista aliitazama damu iliyotapakaa kwenye kanga, akautazama mkono uliochokolewa mpaka ukawa nyama.

"Pole, mama. Kibanzi chenyewe bado kimo?"

Modesta akaingiza vidole viwili shavuni, akachomoa kibanzi kirefu kama njiti ya kibiriti, ubavu mmoja wa buluu, akamwekea kiganjani.

"Kilitoka kwa meno, mara ya kwanza ile," alisema. "Nilikuwa nawasubiri ninyi."